Kwako Subedar Dhanbir Pun, Mwenye Lakiri Nambari 41

Mwaka umeshatimia, Baba, na siku tisa juu yake, tangu asubuhi ile ulipokaa kwenye kigoda chako kando ya meza ndefu, ukaagiza chai, na chai ilipofika ukawa hupo tena. Tangazo hili la gazetini limechelewa siku hizo tisa kwa sababu tulikuwa tunagombana liandikwe nini. Wewe uliyekuwa ukisema nyumba yenye kelele haikunji parachuti, tusamehe. Hatukukunja kitu.

Tumechoka, Baba. Tunalisema mapema ili lisitusumbue mbele. Mwaka mzima wa nguo nyeupe za msiba si mchezo. Mama amefua nyeupe mpaka sabuni imemla vidole. Tek, mwanao, alivaa kofia nyeupe chini ya helmeti ya ujenzi huko Doha miezi kumi na mbili, wenzake wakadhani ni mtindo. Junkiri, mkweo, hakugusa rangi wala hakuonekana kwenye sikukuu yoyote, hadi mtoto wao Sajan akauliza kama mama na bibi wameajiriwa hospitali. Sasa nguo zimevuliwa. Tulidhani uchovu nao utavuliwa siku hiyo hiyo.

Wasiokufahamu watataka kujua ulikuwa nani, kwa hiyo utuvumilie tukikueleza wewe mambo yako mwenyewe.

Ulikaa miaka ishirini na miwili katika jeshi la India, kule Agra, ukikunja parachuti za askari wanaoruka. Ukastaafu na cheo cha Subedar, na cheo kikageuka jina. Uliporudi kwetu Nepal, hapa Pokhara, ukawakuta vijana wanaruka kutoka kilima cha Sarangkot kwa mabawa ya kitambaa, kila mmoja na mtalii kamfunga mbele yake. Ukaambiwa kwamba kwenye kila kiti cha rubani mna mfuko wa parachuti ya akiba, ile ya kurushwa bawa likigoma angani. Ukauliza nani anazikunja. Wakakujibu kwamba kila mtu hujikunjia yake, jioni, kwenye nyasi, pembeni ya ng'ombe. Ulisonya mpaka mbwa wa jirani akaamka. Mwezi huo huo ukawatoa mbuzi chumba cha chini, ukakipiga chokaa, ukaunganisha meza nne zikawa moja.

Ulikuwa na taratibu zako, na sisi tuliishi ndani yake kama watu wanavyoishi karibu na kituo cha treni. Kabla ya kazi ulivua pete ukaitia kwenye kopo la mchele. Uliosha mikono mara mbili, ukaikausha juani, si kwa taulo. Zana zako zilikuwa saba kwenye sinia la shaba. Saba kabla ya kukunja, saba baada. Ikikosekana moja, parachuti zote za siku hiyo zilifunguliwa upya. Siku moja, iliyokosekana ilikuwa imelaliwa na paka, na ulikuwa umeshafungua tatu kabla paka hajajinyoosha. Siku uliyogombana na Mama hukukunja kabisa. Mama alilijua hilo, kwa hiyo akitaka apasuliwe kuni, ugomvi aliuanza asubuhi.

Na ukimaliza, ulipitisha uzi mwekundu kwenye pini, ukaubana kwa kipande cha madini ya risasi, ndiyo lakiri yenyewe, kwa lile koleo lenye nambari 41. Nambari hiyo haikuwa ya mtu mwingine. Kwenye kadi uliandika tarehe, jina na saini, na kuanzia hapo parachuti ilikuwa na miezi sita. Ikitimia miezi sita inafunguliwa, inapigwa upepo, inakunjwa upya, iwe imeguswa au haijaguswa.

"Sasa Subedar, kitu kizima, hakijatumika, ya nini kukifumua?" marubani walikuwa wakilalamika.

"Wewe ukilala miezi sita bila kugeuzwa, utaamka?" ulikuwa ukiwajibu. "Nailoni inashikana. Rababendi zinaoza. Lete hapa, usinichoshe."

Junkiri aliingia nyumba hii kama bibi harusi, na miezi mitatu baadaye Tek akaondoka kwenda kutafuta. Junkiri hakuja kujifunza chochote. Alianza kwa kufagia chumba cha chini, kwa sababu ulimkataza kila mtu kufagia na yeye alikuwa mgeni, hakujua. Ukamkuta anafagia kutoka mlangoni kwenda mezani. Ukamwambia, "Mwanangu, vumbi unalileta au unalitoa?" Kesho yake akafagia kutoka mezani kwenda mlangoni, na hukusema neno. Kwako wewe kutosema neno kulikuwa sifa.

Halafu akawa anatundika parachuti zikapigwe upepo. Halafu akawa ananyoosha kamba. Mchana mmoja, anatuambia, alikuuliza kwa nini kamba unazihesabu mara tatu.

"Mara ya kwanza nahesabu kamba," ukasema. "Ya pili, namhesabu anayehesabu."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu ni ya yule mtalii. Yeye hajui kuhesabu."

Akacheka, nawe hukucheka, na toka siku hiyo akawa mwanafunzi wako. Ukamwandikia barua ya maombi kwa bodi ya leseni, ukaisoma kwa sauti jikoni. Masharti yalikuwa mepesi kuyasema: parachuti ishirini zikunjwe chini ya jicho la mwenye leseni, kila moja isainiwe kwenye daftari, ndipo mtahini apande basi kutoka Kathmandu aje kuona ya mwisho ikikunjwa mbele yake, aitundike, aivute mwenyewe. Akiridhika, cheti. Ukiwa na cheti, unapewa nambari yako na koleo lako.

Wanawake wa mtaani walimtania. "Mkwe wa Subedar anasomea kukunja nguo! Sisi tulijua tangu utotoni, hatukupewa cheti."

"Nyie zenu zikikunjuka hafi mtu," aliwajibu Junkiri, na akapita na ndoo yake.

Lakini ulikuwa mgumu, Baba. Tusipambe. Kwa majira mawili ya baridi alikunja zaidi ya arobaini na ulisaini kumi na tisa. Nyingine ulizifungua mbele yake, ukazimwaga mezani, ukasema "tena." Moja uliifungua kwa sababu alikuwa anaimba. Moja kwa sababu alisema "nadhani." Ulimwuliza kama kamba ya katikati imekaa sawa, akasema nadhani iko sawa, ukakata uzi. "Kule juu hakuna nadhani," ukasema. Usiku huo alikula ugali wa ulezi bila mboga, kwa hasira, na wewe ukamsukumia bakuli la gundruk, mboga ya majani yaliyochachushwa, bila kumtazama.

Ya ishirini ndiyo iliyotuletea haya yote.

Ilikuwa mwezi wa Jeth, joto limekaa juu ya ziwa, na mtoto alikuwa na homa siku ya tatu. Junkiri alikuwa amekesha. Rababendi za kahawia za kubania kamba, ulizozizoea, zilikuwa zimekwisha, na duka lilikuwa limeleta za njano. Ulikaa kwenye kigoda, mikono umeificha kwapani, ukamtazama mwanzo mpaka mwisho. Hakukosea. Hata leo anaweza kuirudia kwa kidole hewani, kunjo kwa kunjo. Alipofunga mfuko alikuletea daftari na kalamu.

"Umepiga miayo mara mbili," ukasema.

"Baba, mtoto hajalala."

"Najua. Na hizo rababendi za njano mimi sizijui baba yao wala mama yao. Weka pale. Nitaifungua mwenyewe, niikunje upya."

"Nimekosea wapi? Nionyeshe nilipokosea, Baba, hata mahali pamoja."

"Hujakosea. Umechoka. Mwenye miayo hakunji. Weka pale."

Akaweka pale. Na baada ya hiyo ukamkunjisha nyingine nne, ukiziita za mazoezi, na kila moja mwisho wake ukawa huo huo: weka pale, nitaifungua. Daftari lilibaki kwenye kumi na tisa. Junkiri alilia mara moja tu, kwenye zizi la mbuzi, akanawa uso akarudi. Alisema baadaye kwamba kilichomchosha hakikuwa kukunja. Alichoka kuwekwa pale.

Majani ya mpunga hayajafika gotini ukaondoka.

Bodi iliandika barua nzuri ya rambirambi, na aya ya pili ikasema kwamba saini kumi na tisa si ishirini, kwamba msimamizi hayupo, na mwombaji aanze upya kwa msimamizi mwingine. Hapa bondeni msimamizi mwingine hakuna. Mama akalifungia koleo lako kwenye sanduku la bati, chumba cha chini kikanyamaza, na marubani wakaanza kupeleka parachuti zao Kathmandu kwa basi.

Wote, isipokuwa watano.

Hao watano walikuwa na zile za mwisho zenye lakiri yako. Miezi sita ilipotimia, Junkiri alishuka uwanja wa kutua, kando ya ziwa, akawafuata mmoja mmoja. Kufungua hakuhitaji cheti, aliwaambia, kufunga ndiko. Aliwaomba angalau wamruhusu afungue, kisha wapeleke mjini. Wa kwanza kumkatalia alikuwa Buddhi Gurung, yule uliyemfundisha kurusha parachuti ya akiba kwenye mti wa jirani mpaka jirani akashtaki.

"Shemeji," Buddhi alisema, "hii ndiyo ya mwisho kushikwa na mkono wa Subedar. Unataka niikate?"

"Imepitisha tarehe, kaka Buddhi. Unabeba watu."

"Ya Subedar haichachi."

"Yeye mwenyewe angekuzaba kofi kwa neno hilo."

"Basi aje anizabe, nitafurahi kumwona." Wenzake wakacheka. Halafu, kwa upole, na upole ndio uliomuuma, akaongeza: "Usikasirike, shemeji. Lakini wewe una kumi na tisa. Siwezi kufungua kazi yake kwa neno la kumi na tisa."

Alirudi kwa miguu njia nzima. Alirudi tena mwezi uliofuata, na mwezi uliofuata. Walimnunulia chai, wakamwuliza habari za mtoto, na hakuna aliyefungua. Walikuwa wamezigeuza hirizi, Baba. Mmoja alikuwa akiigusa lakiri yako na kujigusa kipaji cha uso kabla ya kuruka. Watu uliowafundisha miaka kumi na minne kwamba kitu kizima kinafunguliwa, wamekataa kufungua kwa sababu ya kukupenda. Junkiri alikuwa akilala na hesabu ya siku zilizopita tarehe, na akiamka nayo.

Siku ya mwaka wako watu walijaa uani. Wali umeiva, mbuzi amechinjwa, Tek kashuka ndegeni jana yake na kofia yake. Tumekaa tu kula, Buddhi akaingia getini. Tope mpaka kiunoni, shavu limechubuka, na mikononi kakumbatia rundo la kitambaa cheupe kama mtu aliyeokoa kondoo mtoni.

"Ameniokoa!" alisema, na akakaa chini hapo hapo kwenye viatu vya watu. "Subedar ameniokoa."

Akapewa maji. Akaeleza. Asubuhi hiyo upepo ulikuwa mbaya, bawa lilikunjika upande mmoja na kuanza kuwazungusha, yeye na abiria wake, mwanamke wa watu wa umri wa mama yake. Akarusha ya akiba. Kwa kawaida ukirusha, unahesabu mbili inajaa.

"Nikahesabu moja, mbili, haijajaa. Tatu. Nne. Kwenye nne nikasema, mzee wangu, ndiyo nakufuata hivi? Kwenye tano ikajaa. Tumeangukia shamba la mpunga la watu. Mama wa watu yuko kwa dada yangu anakunywa chai, hana hata jeraha, anauliza kama ndivyo tunavyotuaga siku zote."

Uani kote watu walilia na kucheka. Mama alishika kichwa cha Buddhi. Na wale marubani wengine wenye lakiri yako, wawili walikuwepo, walisimama. "Mmeona?" mmoja alisema. "Yangu mimi haifunguliwi mpaka nife."

Junkiri alikuwa ameshapiga magoti kwenye kitambaa. Mikono yake ilikuwa inatafuta kabla yeye hajaamua kutafuta. Akazifikia kamba, na kwenye kamba zilikuwepo rababendi, na rababendi zilikuwa za njano.

Nyingi zilikatika kama inavyotakiwa. Mbili zilikuwa zimeyeyuka, zimeshikana na kamba kama ulimbo. Hizo ndizo zilizoila ile tatu, ile nne na ile tano.

Akaivuta kadi. Tarehe ya mwezi wa Jeth, siku ya tatu ya homa ya mtoto. Jina lako. Saini yako, imetetemeka kama imeandikwa juu ya punda. Hukuifungua, Baba. Ulisema weka pale, akaweka pale, na ukaipiga lakiri ikiwa vile vile alivyoiacha.

Anasema kwanza alitaka kucheka. Kisha alitaka kukupiga, Mungu amsamehe. Kisha akakumbuka zile nne za mazoezi, akainuka.

Alimkuta Mama jikoni, kwenye moshi. "Mama," alisema, "Baba alikuwa anafungua zile nilizokuwa nakunja?"

Mama aliendelea kukoroga sufuria. "Tangu mwezi wa Phagun, miezi mitatu kabla ya ile Jeth," alisema, "nilikuwa namfunga vifungo vya shati. Vyote, mpaka cha shingoni. Aliniapisha kwa kichwa cha mjukuu nisiseme." Akaweka mwiko chini. "Mtu asiyeweza kufunga kifungo, mwanangu, angekunjaje parachuti?"

"Na ulinyamaza?"

"Nilidhani ni mikono tu. Sikujua ni watu." Akafuta macho kwa ncha ya sari yake mpya, ile ya rangi, aliyoivaa kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwake imechukua mwaka."

Tek alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. "Isitoke humu," alisema. "Si leo. Leo ni siku yake. Mama Sajan, nakuomba. Baba hana kitu alichotuachia zaidi ya hilo jina."

"Hujawasikia huko nje?" Junkiri alimwuliza. "Leo wamepata ushahidi kwamba ya Subedar haichachi. Kesho hawatafungua hata nikilala barabarani."

"Utasema nini? Kwamba baba yangu alidanganya?"

"Nitasema nilichokunja mimi. Yake atayasema yeye."

Tek akamgeukia Mama, kama alivyofanya tangu utoto akishindwa. Na Mama, ambaye miaka arobaini hakuwahi kukuingilia kazi isipokuwa kwa ajili ya kuni, alisema: "Jina la baba yako limeshazikwa vizuri. Shingo za watoto wa wenzetu bado. Nenda, mwanangu, kawaambie."

Akatoka. Alisimama mbele ya Buddhi, rababendi moja ya njano kwenye kiganja.

"Kaka Buddhi, hii hakuikunja Baba. Mikono yake ilikuwa imeshakataa, tangu Phagun, na alituficha. Hii niliikunja mimi. Na ya huyu, na ya huyu, na mbili nyingine. Zote tano za mwisho. Yeye alitazama, akapiga lakiri."

Uani ni mtoto tu aliyeendelea kutafuna.

Buddhi aliitazama rababendi. Akamtazama Junkiri. Rangi ilikuwa imemtoka mara moja asubuhi hiyo, na sasa ilimtoka tena. "Yaani mimi," alisema polepole, "mwaka mzima nimeruka na watu juu ya kumi na tisa?"

"Si kumi na tisa, kaka. Hiyo ndiyo ya ishirini."

Wale marubani wawili, waliokuwa wameapa kwamba zao hazifunguliwi mpaka wafe, walikuwa wameshaacha sahani zao. Mmoja alisahau kiatu. Kabla wali haujapoa, viti vyao vilikuwa uani, nao wakimhimiza Junkiri kwamba kata, shemeji, kata haraka. Kwa mkono wako walikuwa tayari kufa, Baba. Kwa wake walitaka kupona. Alikata. Kwenye moja, rababendi tatu zilikuwa zimeyeyuka. Kwenye nyingine, nne.

Tangu hapo tumekuwa kwenye simu na kwenye ugomvi wa tangazo hili. Ndiyo siku tisa hizo. Kwa maana marubani wawili waliobaki hawaruki tena; wamekwenda ughaibuni kutafuta, na kabla ya kuondoka waliviuza viti vyao pamoja na parachuti zilizomo ndani. Mmoja anasema alimwuzia mtu aliyekutana naye kwenye basi la Butwal. Mwingine aliuza Bandipur, na aliyenunua naye keshauza. Hatujui ziko mgongoni mwa nani. Tek, aliyekuwa hataki lisemwe ndani ya nyumba, amepiga simu mpaka sauti imekauka, na jana yeye ndiye aliyesema, "Basi, tuliweke gazetini, kwenye Kumbukumbu yake. Kila mtu husoma Kumbukumbu kuona nani kafa." Kisha akakaa kwenye kigoda chako, mara ya kwanza, akaandika.

Kwa hiyo, Baba, usishangae kuona tunazungumza na wewe huku tunamtazama mwingine begani mwako. Ndugu unayesoma: kiti kimoja ni cha buluu, kina kiraka cha kijani chini ya mkono wa kushoto. Cha pili ni cheusi, na mfuko wa mbele zipu yake imebadilishwa. Ukiona uzi mwekundu na kipande cha risasi chenye 41, usiruke. Usikiguse kwa heshima wala kukipeleka kipajini. Kata uzi, hata kwa kisu cha vitunguu, na utoe kilichomo. Au tuletee, nyumba yetu ni ile yenye mlango wa samawati chini ya tangi la maji, na chai ipo.

Tumejiuliza kwa nini hukuisaini ile ya ishirini. Ilikuwa nzuri, usingeipiga lakiri isingekuwa nzuri. Junkiri ndiye anayeijua sababu, na ameisema bila uchungu, akiwa anasuka nywele. Saini ya ishirini ingempa yeye koleo, na wewe ungebaki na kigoda. Ulikuwa hujawa tayari kuwa mtu wa kigoda. Ulitaka mwezi mmoja mwingine, kisha mwezi mwingine. Tunakuelewa, Baba. Ungetuambia tu. Tungekufunga vifungo sote.

Tumeiandikia bodi yote haya. Mtahini alisema kwa simu kwamba amehuzunika, na kwamba sasa hata zile kumi na tisa hazihesabiki. Junkiri ataanza moja, Kathmandu, kwa msimamizi asiyemjua, juma moja kila mwezi, na mtoto atabaki na Mama. Tulidhani atavunjika moyo. Alisema ishirini zake anazijua, na Buddhi anazijua, akauliza basi la saa ngapi. Asubuhi ya kuondoka alivua pete akaitia kwenye kopo la mchele. Imo humo hadi sasa, juu ya alama uliyoiacha wewe.

Unakumbukwa na mkeo Gaumaya, ambaye bado anaamka kufunga vifungo. Na mwanao Tek Bahadur, ambaye hajaamua kama arudi Doha. Na binti yako Sunita na mumewe, wa Baglung. Na mjukuu wako Sajan, anayehesabu mpaka saba na kuanza upya. Na Buddhi Gurung, aliyeomba jina lake liwekwe kati ya jamaa, nasi hatukuona sababu ya kumkatalia. Na mkweo Junkiri, uliyemchosha kuliko sote.

Hatutakusahau maisha yetu yote, Baba. Lakiri zako tutazikata.